Mimba ya Tatu ya Inshirahi

Mimba ya tatu ya Inshirahi ilitoka Jumatatu asubuhi, wakati wanaume wa kijiji wako mashambani wanakata miwa na wanawake wako uani wanasubiri mkate uumuke juani. Haikuchukua hata saa moja. Ya kwanza ilimtesa siku mbili, ya pili siku nzima. Hii ilikuja kama mgeni aliyeizoea nyumba. Alikuwa amechuchumaa msalani, ameuma ncha ya mtandio wake asipige kelele, na nje ya mlango alisikia jembe.

Alijua jembe lile lilikuwa linafanya nini. Mama mkwe wake, Hajja Nadhira, alikwisha anza kuchimba kizingitini. Kwao, huko kusini mwa Misri, kilichotoka kabla ya wakati hakipelekwi makaburini. Huzikwa chini ya kizingiti cha nyumba, ili mama yake akikivuka kila siku kitamani kumrudia tumboni. Wawili walikuwa wamekwisha lazwa pale. Inshirahi aliwavuka akienda kumwaga maji machafu, akawavuka akirudi na makapi ya miwa ya kuwashia moto, na hapakuwa na siku aliyovuka huku akiwaza jambo jingine.

"Umemaliza?" Hajja aliuliza kupitia mlangoni.

"Bado, mama."

"Ukimaliza nipe. Jua likipanda watu wataanza kupita."

"Mama, mimi nakihitaji."

Jembe lilinyamaza. "Unakihitaji ukifanyie nini? Ukitie ubani?"

"Daktari wa zahanati alisema ikitokea tena tusizike. Nikipeleke mjini kikapimwe, wajue sababu."

"Sababu tunaijua," alisema Hajja.

Na kweli, sababu ilijulikana tangu nyumba ya kwanza ya mtaa mpaka ya mwisho. Sababu ilikuwa Sabrin, dada yake Inshirahi, mjane, muuza mboga, mwanamke aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Miaka mitatu iliyopita, siku ya saba ya harusi, Sabrin alitoka gulioni moja kwa moja na kikapu kichwani, akaingia chumbani kwa bi harusi kabla mwezi mpya haujaandama. Na ndani ya kikapu kulikuwa na biringanya nyeusi, kwa sababu mdogo wake alizipenda zikijazwa wali. Hajja alipiga kelele, lakini maji yalikwisha mwagika. Watu wa huko huiita kabsa: mtu akiingia hivyo kwa bi harusi, amebeba biringanya au nyama mbichi, tumbo la bi harusi hufungwa.

Mwanzoni Inshirahi alicheka. Ilipotoka ya kwanza hakucheka tena. Akakubali kuogeshwa Ijumaa tatu kwa maji yaliyolowekwa shanga. Ilipotoka ya pili, alisimama dirishani, dada yake akiwa chini na sufuria ya supu ya njiwa aliyomletea mgonjwa, akasema mtaa mzima ukisikia: "Sabrin, usikanyage hapa tena. Wewe ndiye uliyenifunga tumbo." Hajja hakumtuma. Hakuna aliyemtuma. Tangu siku ile Sabrin akaacha kupita mtaani kwao. Kwenda gulioni akawa anazunguka kwa njia ya mfereji, mwendo wa karibu nusu saa zaidi, na kikapu kichwani.

"Mama," Inshirahi alisema sasa kutoka msalani, "wanataka kidogo tu. Kitakachobaki utazika."

Hajja aliegemeza jembe mlangoni. "Chukua," alisema mwishowe. "Lakini uniachie na mimi. Ni mjukuu wangu pia." Sauti yake ilikuwa imekatika katikati. Inshirahi alishangaa, kwa maana katika miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba mwanamke yule alikuwa na msiba wake mwenyewe.

Nesi wa zahanati alikuwa amemwambia afanye nini. Alichukua chupa ya achari aliyoichemsha na kuificha kabatini tangu alipojua ana mimba, jambo ambalo lilimtia haya hata yeye, kumwandalia mtoto chupa kabla ya nepi. Akatia alichotia, akamimina maji ya dripu, akafunga kifuniko kwa nguvu.

Alikwenda mjini peke yake. Mumewe, Rifai, alikuwa kiwandani, na msimu wa sukari hapatolewi ruhusa hata kwa aliyefiwa na baba. Alikaa ukingoni mwa kiti cha basi safari nzima, kikapu magotini, mkate juu ya chupa ili jirani yake asiione.

Hospitalini karani wa mapokezi alikuwa anakunywa chai.

"Nini hicho?"

"Nimeambiwa nilete kupimwa."

Karani aliinua chupa akaitazama dhidi ya mwanga. "Ee, mama huyu ametuletea achari," alisema, na wawili watatu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

"Ni mimba yangu," Inshirahi alisema.

Hakukusudia kusema kwa sauti. Kicheko kilikatika, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamvuta binti yake upande wa pili. Karani aliweka chupa taratibu, akaandika jina. Labda aliona haya, labda hakujua njia nyingine ya kuzungumza na watu, kwani alirudi palepale kwenye mzaha.

"Mume yuko wapi?"

"Kazini."

"Mimba ya watu wawili, chupa imebebwa na mmoja," alisema karani, akagonga muhuri.

Daktari aliitwa Ivon. Alikuwa mwanamke mfupi, mchovu, aliyevua viatu vyake chini ya meza. Aliuliza maswali yake akaandika, kisha akaweka kalamu chini. "Na wewe mwenyewe unadhani ni nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Inshirahi alianza polepole, halafu yakamwagika yote. Alinyanyua mtungi wa gesi.

"Si mtungi," alisema daktari.

Alikunywa mdalasini.

"Si mdalasini."

Alilia sana kwenye matanga ya baba mkwe.

"Ungecheka ingekuwa vilevile."

"Basi ni biringanya," Inshirahi alisema, akainamisha uso.

Daktari hakuuliza biringanya gani. Alikuwa mtu wa hukohuko. "Mama yangu mimi alimzuia shangazi yangu mlangoni kwa sababu ya kilo mbili za nyama ya kondoo," alisema. "Shangazi alikufa hawajapatana. Si biringanya, dada yangu. Wala jicho, wala jini, wala mtu aliyekuja kukusalimu."

Kisha akamweleza. Mtoto huandikwa kwa nyuzi, alisema, nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho: ishirini na tatu kutoka kwa mama, ishirini na tatu kutoka kwa baba. Mara nyingi hesabu hukosea tangu siku ya kwanza. Uzi umezidi, au umepungua, na mwili hauwezi kuendelea na kazi iliyoanza vibaya. Karibu nusu ya zinazotoka mapema hutoka kwa sababu hiyo, kwa wake za wakulima na kwa wake za mawaziri, na hakuna aliyekosa. "Lakini ikitoka mara tatu hatusemi bahati mbaya tukanyamaza. Tunatafuta. Tutakipima hiki, kisha tutakuita."

Mtu angedhani alitoka pale amefarijika. Alikaa kwenye benchi ya nje, mkate haujaguswa, akaona baridi jua likiwa limewaka. Kama haikuwa biringanya, basi yale aliyoyasema dirishani aliyasema kwa nani?

Majibu yaliwahitaji wote wawili. Katika kile kilichopimwa kipande cha uzi mmoja kilikuwa kimezidi na cha uzi mwingine kimepungua, na hali kama ile mara nyingi hutoka kwa mzazi mmoja aliyeibeba bila kujua. Ilitakiwa damu ya mke na damu ya mume.

Rifai hakuwa mtu mbaya. Aliposikia alianza kukwangua gundi ya miwa kwenye kucha. "Damu yangu kwa maradhi ya wanawake?" aliuliza, lakini aliuliza kama anayeogopa, si kama anayekataa. Msimu ulipomalizika walikwenda, akamwambia mama yake anakwenda kununua mkanda wa mashine ya maji. Alikunja mkono wa kanzu akatazama ukutani mpaka sindano ikatoka.

Walipoitwa tena, Daktari Ivon aliwachorea kwenye karatasi nyuzi mbili zilizobadilishana ncha. "Hizi ni za Rifai," alisema. "Amezaliwa hivyo. Hana ugonjwa, hakukosa kitu, ndiyo maana yeye mwenyewe ni mzima. Tatizo liko kwenye kugawa. Akimgawia mtoto, mara hutoka sawa, mara hutoka pungufu."

"Kwa hiyo hatutapata mtoto," Rifai alisema.

"Sikusema hivyo. Wapo wengi wa namna yako wenye watoto wazima. Inaweza kutoka tena, na inaweza kukaa. Na kuna njia za kusaidia, nitawaeleza zote. Nisemacho ni kwamba sasa mnajua."

Rifai aliuliza jambo moja tu. "Hii itaandikwa wapi?"

Njiani alimwomba. Alisema taratibu, akitazama nje, kwamba mama yake asijue, mtaa usijue, kwamba mwanamume akishasemwa hivi hata wanaomsalimu humsalimu kwa huruma. "Nifiche, Inshirahi." Na akamshika mkono chini ya shali, mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi. Inshirahi alikuwa mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Si yeye, mwili wake haukuwa na kosa, na katika wepesi ule angeahidi chochote. Akaahidi.

Wepesi haukudumu wiki. Nyumbani Hajja alikuwa ameanza kumtaja binti wa Bakhita, binamu yake. Alimtaja akichambua dengu, alimtaja akichinja bata. Msichana ana miaka kumi na tisa, ana mikono ya kazi, na harusi ya pili haimfukuzi mke wa kwanza, nyumba ni kubwa. Rifai alisikia yote. Alikula akanawa akaenda kulala. Inshirahi alimtazama mgongo wake akatambua kwamba mtu anaweza kulala karibu na siri moja na mtu mwingine, na bado kila mmoja awe peke yake.

Jumanne alikwenda gulioni.

Sabrin alikuwa ameketi chini, anafunga mafungu ya mulukhiya, mboga yao ya majani. Amekonda. Hakuinua kichwa. "Kilo ngapi?"

"Dada, ni mimi."

"Nakuona. Kilo ngapi?"

Inshirahi alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amepanga maneno njia nzima na sasa hayakumjia hata moja. "Haikuwa wewe," alisema. "Nimekwenda mjini, wamepima. Haikuwa biringanya. Haikuwa wewe kabisa."

Mikono ya Sabrin ilisimama. Mteja mmoja aliuliza bei ya vitunguu, akaona sura zao, akaenda zake.

"Unajua," Sabrin alisema, "nilimwendea shekhe. Nikamwuliza, mtu aliyemfunga tumbo ndugu yake afanye nini. Akaniambia afunge siku tatu. Mimi nikafunga sitini."

Inshirahi alianza kulia.

"Usinilielie, utanilowesha mboga. Kama si mimi, ni nani?"

"Ni kudra, dada."

"Kudra."

"Ndiyo."

"Ilipokuwa mimi haikuwa kudra," alisema Sabrin, bila ukali, kama anayepima. "Ilikuwa Sabrin binti Hamdani. Muuza nyama alijua. Watoto wa shule walijua. Leo imeonekana si mimi, imekuwa kudra. Huyo wa leo lazima ni mkubwa sana, hata jina halitajwi."

Inshirahi alifungua mdomo, akakumbuka mkono wa Rifai chini ya shali, akafumba mdomo. Na Sabrin, aliyemlea, aliyemjua tangu hana meno, aliona yote usoni pake.

"Basi," alisema. "Kaa nalo. Nimekusamehe zamani, mtoto niliyemlea nitamtupa wapi? Lakini hilo la kunipa hapa chini, kwa kunong'ona, katikati ya mulukhiya, silichukui. Ulinifukuza dirishani. Jina langu liko hukohuko dirishani."

Akamfungia fungu moja, akamsukumia. Hakutaka malipo.

Alhamisi Rifai aliporudi kutoka shambani, Inshirahi alimwekea maji ya kunawa, akasimama na taulo.

"Uliniomba nikufiche," alisema. "Nitakuficha nyuma ya chochote. Nyuma ya Sabrin siwezi tena. Na nyuma ya yule msichana wa watu siwezi."

"Uliahidi."

"Niliahidi. Sema wewe. Usiposema, nitasema mimi, na mimi nitasema vibaya."

Rifai alinawa, akanawa tena, mpaka maji yakaisha kwenye birika.

Ijumaa baada ya sala walikuwa wanakula. Hajja alikuwa amevaa gauni lake jeusi la wageni, maana alasiri ilikuwa ya kwenda kwa Bakhita. "Kula upesi," alimwambia mwanawe, "na unyoe hizo ndevu, usiende kama mtu aliyetoka jela."

Rifai aliweka mkate chini. "Hatuendi, mama."

"Kwani Bakhita ameahirisha?"

"Ni mimi, mama. Zinazotoka. Zinatoka kwa sababu yangu."

Hajja alimtazama, kisha akamtazama Inshirahi, kisha akacheka kwa pua. "Amekulisha nini huyu? Mwanamume mzima unajibebesha tumbo la mkeo. Huruma nayo ina mpaka, mwanangu."

"Nilitoa damu. Siku ile ya mkanda wa mashine."

"Mkanda uliuleta. Niliuona."

"Niliununua baadaye." Aliisukuma sahani kando. "Mama, nisikilize. Ukimleta huyo binti, naye utamchimbia mlangoni. Mmoja, wawili, watatu. Halafu tutakaa hapa kutafuta nani aliingia amebeba nini. Tutampata. Hakosekani mtu."

Hapo Hajja hakucheka. Aliangalia sahani yake kana kwamba kuna mtu amemwekea chakula asichokijua. Alisimama, akaenda chumbani kwake, akavua gauni la wageni. Walisikia sanduku likifunguliwa na kufungwa. Alipotoka, adhana ya alasiri ilikwisha pita, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mtaa utatucheka," alisema.

"Mtaa ulikuwa unacheka siku zote, mama," alisema Inshirahi. "Ulikuwa unamcheka mwingine."

Siku tatu Hajja hakusema naye. Alipika chungu chake kando, akala kando, na Inshirahi akala na sauti ya kijiko chake mwenyewe. Rifai naye aliondoka alfajiri akarudi jioni, mpole, mbali, kama mtu anayekaa ugenini. Usiku wa kuamkia Jumanne alisema gizani, "Ukimwita dada yako dirishani, sema yote. Ila nisiwepo." Asubuhi akaondoka kabla ya chai.

Inshirahi alifungua dirisha la juu akasubiri. Jua lilipogusa mitende alimwona Sabrin, mbali, upande wa pili wa miwa iliyokatwa, akipita kwenye tuta la mfereji na kikapu kichwani. Kutoka pale mtu hawezi kuitwa kwa sauti ya adabu.

"Sabrin!"

Kikapu kiliendelea kwenda. Chini, mke wa fundi baiskeli alitoka na ufagio.

"Sabrin binti Hamdani!" Alisikia sauti yake ikipasuka, akaendelea. "Haikuwa wewe! Nilikusingizia! Sababu ni yetu, iko kwenye damu ya mume wangu, na yeye mwenyewe ameniruhusu niseme! Haikuwa wewe!"

Madirisha yalifunguka. Mtu alimwita mtu mwingine aje asikie. Nyuma yake, chumbani, Inshirahi alisikia hatua za Hajja zikija mpaka mlangoni na kusimama hapo. Hazikusogea, wala hazikurudi. Kule kwenye tuta kikapu kilikuwa kimesimama.

"Nimesikia!" Sauti ya Sabrin ilifika nyembamba juu ya mashamba.

"Njoo nyumbani!"

"Nina mboga! Zitanyauka!"

"Basi kesho!"

Sabrin alikishika kikapu kwa mikono miwili akakiweka sawa. Alikaa hivyo kitambo, mtaa mzima ukimngoja.

"Niite na kesho, hapohapo dirishani!" alisema Sabrin, akaendelea na safari yake kwa njia ileile ya mfereji.